Hina Iliyopigwa Marufuku: Matembezi Yetu Granada



Wiki chache kabla ya harusi ya mdogo wetu, tulisafiri familia nzima kwenda Granada, kusini mwa Hispania. Mama ndiye aliyeshikilia tuende. Alitaka tutembee pamoja mara moja ya mwisho, binti yake akiwa bado mwali wa nyumbani.

Kama wageni wengi, tulianzia Alhambra, kasri la wafalme Waislamu wa ukoo wa Nasr. Ukipanga kwenda, kata tiketi mapema, maana kuingia majumba ya ndani hupangiwa saa maalumu. Kutani yamechongwa maneno yale yale kila upande: *Wa la ghaliba illa Allah*, hapana mshindi ila Allah. Watoto walianza kuyahesabu wakachoka.

Lakini kilichotugusa zaidi kilikuwa ng'ambo ya mto Darro, katika mtaa wa Albaicín. Huko vichochoro ni vyembamba na vya mawe, na nyumba zina kuta ndefu zinazoficha ua wa ndani, kama za Mji Mkongwe kwetu. Kando ya mto tuliingia Bañuelo, hamamu ya karne ya 11. Juu ya dari kuna matundu yenye umbo la nyota yanayoingiza mwanga. Bibi harusi wetu akasema, "Hapa maharusi wangapi wamekogeshwa!" Sote tukacheka.

Usiku ule tulikaa kusoma habari za wanawake wa mtaa huo, na kicheko kikatutoka.

Mji ulisalimishwa kwa Ferdinand na Isabella tarehe 2 Januari 1492. Kabla ya hapo ulitiwa saini mkataba: Waislamu wangebaki na dini yao, misikiti yao, mali zao na desturi zao. Haikupita hata miaka 10. Kuanzia mwaka 1499 watu walianza kulazimishwa kubatizwa, na vitabu vya Kiarabu vikachomwa moto hadharani. Waliobatizwa na vizazi vyao wakaitwa Wamorisco. Nje walikuwa Wakristo, lakini nyumbani wengi waliendelea na dini yao kwa siri.

Ndipo serikali ilipoingia ndani ya nyumba. Januari 1567, enzi za mfalme Philip wa Pili, ilitangazwa amri mpya Granada. Kiarabu kiachwe kabisa ndani ya miaka 3. Wanawake waache mavazi yao na watembee nyuso wazi. Hamamu zifungwe. Milango ya nyumba iwe wazi siku za Ijumaa na siku za harusi, ili ionekane kinachofanyika ndani. Na wanawake wasitie hina.

Dada zetu, hebu fikirini. Dola kubwa kama ile, yenye majeshi mpaka Amerika, inaogopa kiganja cha bibi harusi!

Mzee mmoja wa Kimorisco, Francisco Núñez Muley, aliandika kupinga amri ile. Alieleza kwamba hina si ibada, ni desturi ya usafi. Akauliza wajane masikini watapata wapi fedha za nguo mpya. Akasema pia kwamba milango iliyo wazi huwakaribisha wezi. Hakusikilizwa. Mwishoni mwa 1568 watu wa milimani waliasi, na vita vilipokwisha Wamorisco wa Granada walihamishwa kwa nguvu na kutawanywa nchini. Kati ya 1609 na 1614 wakafukuzwa Hispania yote, watu wapatao laki 3.

Asubuhi yake tulipanda tena Albaicín, tukaswali katika msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, unaotazamana na Alhambra. Mama alilia kwenye sijda. Alipotoka alisema kwamba miaka yote amekuwa akigombana na wasichana kuhusu gharama za hina, picha na mapambo, na hajawahi kushukuru kwamba mlango wake anaufunga mwenyewe.

Kwa hiyo tulipofika nyumbani tulibadili mambo machache. Usiku wa hina tulifunga mlango, simu zikawekwa kwenye kikapu, na kabla ya mpakaji kuanza, mama alisimulia habari za Granada. Wasichana waliokuwa wakisukumana kupata nafasi wakanyamaza. Kisha bibi harusi akanyoosha mikono.

Nawe ambaye harusi yako inakaribia, ukikunjua kiganja kutiwa hina, waombee rehema wanawake wale. Allah azijaalie nyumba zetu amani na atudumishie neema hii. Amin.