Ukifika Kilwa, uliza maswali matatu



Himdi na shukrani zote ni za Allah. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu, Desemba imeingia, shule zimefungwa, na matangazo ya safari za makundi yamejaa kwenye simu zetu. Madrasa wanachanga nauli, kina mama wanachanga, vijana wa misikiti wanachanga. Siku moja Bagamoyo na Kaole, boti mpaka Unguja, kisha basi la kusini mpaka Kilwa Masoko, na mashua ya kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani. Ni jambo jema. Bora pesa iishie huko kuliko iishie kwenye mambo tunayoyajua.

Allah ametuamrisha mahali pengi ndani ya Qur'ani tutembee katika ardhi, tutazame mwisho wa waliotutangulia. Katika Suratul Hajj, aya ya 45, vimetajwa visima vilivyoachwa na makasri marefu yaliyobaki bila wenyewe. Aya inayofuata inatuonya kuwa upofu hasa ni wa moyo ulio kifuani, si wa macho. Kwa hiyo mtu anaweza kufika Kilwa, akapiga picha hamsini, akala samaki, akarudi nyumbani kipofu vilevile.

Nakuomba basi, ndugu yangu msafiri, ubebe maswali matatu. Muulize mwongozaji wenu, na akiwa na haraka, jiulize mwenyewe. Nani alijenga hapa? Alijenga kwa mali gani? Na kimebaki nini?

*SWALI LA KWANZA: NANI ALIJENGA?*

Utasikia jibu la mkato: "Walijenga Waarabu," au "Walijenga Washirazi." Usiridhike nalo haraka.

Ni kweli kwamba Tarikh ya Kilwa inamtaja Ali bin al-Hasan, aliyetoka Shiraz, kuwa ndiye mwanzilishi wa utawala wa pale. Ni kweli pia kwamba wageni kutoka ng'ambo walikuja na pepo za kaskazi, wakaoa, wakazaa, wakazikwa hapahapa. Utafiti wa vinasaba vya mifupa ya makaburi ya zamani ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023, ulionesha mchanganyiko huo: upande wa mama wengi wao ni Waafrika, na upande wa baba imo damu ya Uajemi.

Lakini wageni hawakukuta pori tupu. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta chini ya majumba ya mawe mabaki ya vijiji vya nyumba za udongo, watu wakivua, wakifua chuma na kufinyanga vyungu. Kule Shanga, katika kisiwa cha Pate, chini ya msikiti wa mawe walikuta alama za misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, ya zamani zaidi ikirudi karne ya 8. Hebu fikiria: Uislamu wa pwani yetu haukuanza na kuba. Ulianza na vijiti na makuti na watu wachache waliosimama safu.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, aliandika kuwa wengi wa wenyeji wake walikuwa watu weusi wenye chale usoni, akawasifu kwa dini na wema, na akasema madhehebu yao ni Shafi. Hao ni babu zetu. Mwanao akisimama mbele ya mihrabu ya Kilwa asijione mtalii katika nyumba ya watu wengine. Mwambie: "Hapa ni kwetu."

*SWALI LA PILI: KWA MALI GANI?*

Hapa ndipo wengi wetu hunyamaza. Mimi naona tusinyamaze.

Utajiri wa Kilwa ulitoka kwenye dhahabu iliyoshuka kutoka bara na kupitia Sofala, na kwenye pembe za ndovu. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa mpaka Great Zimbabwe. Ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika, na ndiye aliyeupanua Msikiti Mkuu kwa kuba na matao. Kasri la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane linaloangalia bahari, ni la zama zake. Watu walimwita Abul-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Alitenga sehemu ya ngawira kwa namna ilivyoelekezwa na Qur'ani. Lakini ngawira hutokana na vita, na Ibn Battuta hakuficha kwamba sultani huyo alikuwa akiwashambulia watu wa bara.

Alipokufa, alishika nduguye Daud. Ibn Battuta anasimulia kuwa huyo aliwajibu waombaji kwamba mtoaji amekwisha kufa wala hakuacha kitu. Wageni waliwekwa miezi mingi, wakapewa kidogo, mpaka watu wakaacha kwenda mlangoni kwake. Mji uleule, mawe yaleyale, lakini mkono umefumba.

Tusogee mbele. Mwaka 1776, Sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa aitwaye Morice, kumpa watumwa wasiopungua 1,000 kila mwaka. Na ukifika Bagamoyo, kumbuka misafara iliyoishia pale ikiwa na pembe na watu. Ukifika Unguja, nenda Mkunazini, penye kanisa la Waanglikana. Lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 zama za Sultani Barghash, baada ya kushinikizwa na Waingereza. Nje yake utaona sanamu za watu ndani ya shimo, shingoni wana mnyororo. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897.

Nimesikia vijana wakisema, "Sheikh, hayo ni maneno ya maadui wa Uislamu." Ndugu yangu, yako maneno ya maadui yaliyotiwa chumvi, na wako Wazungu walionunua na kupakia merikebuni kama huyo Morice. Yote hayo tuyaseme. Lakini Muislamu hapimi haki kwa kuangalia nani kaitamka. Dini yetu imeweka fungu katika zaka kwa ajili ya kukomboa shingo, na imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara ya makosa kadhaa. Na Mtume (s.a.w.) ametufikishia kwamba mtu anayemuuza aliye huru akala thamani yake, Allah mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Watu waliokamatwa bara vijijini kwao walikuwa huru. Aliyewakamata na kuwauza, hata kama jina lake ni zuri na kilemba chake ni kikubwa, hukumu yake iko wazi. Tukiitetea dhulma kwa sababu tu mtendaji wake aliswali, tunaipaka dini tope ambalo si lake. Na wajukuu wa waliouzwa wako nasi leo ndani ya safu, bega kwa bega. Wanatusikiliza.

*SWALI LA TATU: KIMEBAKI NINI?*

Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliiteka Kilwa na kuipora. Mizinga yao ilikuwa na nguvu, hilo halina ubishi. Lakini walikuta mji umekwisha gawanyika: Amir Ibrahim alikuwa ameshika madaraka yasiyo yake, na wakubwa walikuwa wakigombea kiti. Wareno hawakupata tabu kumpata mtu wa kumtawaza badala yake. Nyumba yenye ugomvi haihitaji mwizi hodari.

Leo Msikiti Mkuu ni gofu. Utaingia, utainua macho uone kuba zilizobaki, na sauti yako itakurudia. Husuni Kubwa ni kuta wazi mbele ya bahari.

Sasa linganisha na Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Ni msikiti mdogo tu wa kijiji cha wavuvi. Ukutani upande wa kibla kuna maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Jengo limekarabatiwa na kujengwa upya, paa limebadilika, lakini mahali ni palepale na bado panaswaliwa. Kilwa ilikuwa na dhahabu, Kizimkazi ilikuwa na samaki. Kilwa tunaingia kwa tiketi, Kizimkazi tunaingia kwa udhu.

Hii ndiyo ibra yangu kwenu. Msikiti hauanzi kuanguka kwa mvua. Unaanza kuanguka safu zinapopungua. Tazameni misikiti yetu ya leo, yenye marumaru na viyoyozi, na alfajiri safu moja haijai. Tunachangia minara, na mwalimu wa madrasa hana posho. Tunagombea uongozi wa kamati mpaka tunapelekana mahakamani. Je, tunajenga Kizimkazi, au tunajenga gofu ambalo wajukuu zetu watalilipia kiingilio?

Basi nendeni, na nendeni kwa adabu. Vaeni kwa stara. Msipande juu ya kuta, msichonge majina, msichukue hata kigae. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na kwetu sisi ni amana. Makaburini toeni salamu na waombeeni waliolala, msiwaombe wao. Waulizeni wenyeji wa Kisiwani habari zao, maana wapo, wanavua na kulima. Na mkifika Kizimkazi, msiishie mlangoni na simu. Tawadheni, ingieni, mswali rakaa mbili, na mtie chochote kwenye sanduku la msikiti. Wakati huo hutakuwa mtalii tena. Utakuwa mtu wa mwisho katika safu ya zaidi ya miaka 900, na baada yako lazima asimame mwingine.

Ewe Mola, warehemu waliotutangulia kwa imani, wape waliodhulumiwa haki yao mbele Yako, na utujaalie macho ya moyo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako anayejiandaa kusafiri.