Yote Hupita: Mwambao wa Bagamoyo na Mafundisho ya Buddha

Mwaka 1409 Wachina walichonga jiwe la kupelekwa Sri Lanka, katika safari za amiri Zheng He, mtoto wa familia ya Kiislamu. Kwa Kichina, jiwe lilimtukuza Buddha. Kwa Kitamil, Vishnu. Kwa Kiajemi, Mwenyezi Mungu. Miaka michache baadaye merikebu zake zilifika Malindi. Vyombo vya kauri vya China vikaja kupamba makaburi ya mwambao huu, Kaole hadi Kunduchi. Bakuli zilishuka pwani; mafundisho ya Buddha yalibaki ng'ambo.

Siddhartha Gautama alikuwa amefundisha kaskazini mwa India karne nyingi kabla ya hapo. Alisema kila kilichoundwa hupita. Tamaa ya kukishikilia huzaa mateso. Na hata mtu, ukimchambua mwili, hisia, utambuzi, nia na ufahamu, humpati "mimi" asiyebadilika.

Somo la kwanza pwani ililijua bila kufundishwa na mgeni. Kaole, mji wa misikiti ya mawe tangu karne ya 13, ulikwisha, na mikoko ikasimama palipokuwa bandari. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi, akiuasa moyo wake kwa magofu ya mji wa Pate.

Bagamoyo, jirani ya Kaole, nao ukapata zamu yake. Misafara ya bara iliishia hapo. Mapadre wa Roho Mtakatifu wakajenga misheni mwaka 1868. Mwili wa mmisionari Livingstone ukapitia hapo mwaka 1874 ukielekea Uingereza. Wajerumani wakaufanya makao ya serikali yao, Abushiri bin Salim akawapinga hadi akanyongwa Pangani mwaka 1889, na miaka miwili baadaye serikali ikahamia Dar es Salaam. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliokuwa ukija kwa miguu ukapanda behewa, na haukupita tena Bagamoyo.

Somo la pili lina uzito zaidi hapa. Pembe za ndovu zilizobebwa mabegani hadi Bagamoyo ziliishia kwenye piano na mipira ya biliadi ya Ulaya na Marekani. Tamaa ilikuwa sebuleni ng'ambo. Maumivu yalikuwa shingoni mwa mateka wa biashara ya watumwa, katika njia hizohizo. Kumwambia mateka huyo kwamba anateseka kwa kung'ang'ania ni dhuluma juu ya dhuluma, na Buddha hakusema hivyo: biashara ya binadamu aliitaja miongoni mwa kazi ambazo mfuasi wake hapaswi kuzifanya. Mnyororo ulitiwa na tamaa ya mwingine.

Somo la tatu ndilo gumu. Katika njia ya misafara mtu aliweza kubadilika: mpagazi wa Unyamwezi alirudi kwao akijiita mwungwana, na mtumwa alipewa jina jipya na bwana wake. Utambulisho, basi, si mwamba. Lakini kupokonywa jina na kujichunguza kwa hiari ni mambo mawili. Buddha alimtaka mtu alegeze "mimi" yake mwenyewe. Hakumpa mtu ruhusa ya kuifuta ya jirani.

Hapo ndipo yeye na pwani wanapoachana. Kwa Mwislamu wa Kaole dunia ni mapito kwa sababu Akhera ni makazi, na roho itarejea kwa Muumba wake. Kwa Buddha hakuna roho ya kudumu inayosafiri. Wasinhala waliohamia Dar es Salaam na kuanzisha hekalu lao Upanga, karne iliyopita, waliyaleta mafundisho hayo kimyakimya, jirani na misikiti na makanisa. Ujirani huo hauhitaji kujifanya kwamba dini zote zasema neno moja. Mwislamu na Mbuddha wanaweza kulitazama gofu lilelile la Kaole, wakubaliane kwamba mali haidumu na mtu si bidhaa, kisha wabishane kwa heshima kuhusu kinachobaki.