Dini ya Msambwa: Imani Iliyodai Ardhi

Kutoka Bumula hadi mashamba ya Kitale, magharibi mwa Kenya, hakuna dini iliyoisumbua serikali ya kikoloni kama Dini ya Msambwa. Haikuwa chama cha siasa, lakini ilidai waziwazi mambo ambayo baadaye vyama vilikuja kuyagombea: ardhi irudi kwa wenyewe na Mzungu aende zake.

Kiongozi wake, Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, alikuwa mwanasoka hodari aliyewahi kuichezea Kenya. Alilelewa katika kanisa la Friends, likamtenga alipooa mke wa pili. Miaka ya 1940 alianza kuwahimiza watu wamwabudu Were, Mungu wa wazee wao, na kuyaenzi mapokeo ya mababu. Mwaka 1945 serikali ilimfungia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akatoka mwaka 1947 bila kubadili msimamo.

Mwaka huohuo aliwaongoza maelfu hadi mlima Chetambe, karibu na Webuye, kuwafanyia matambiko Wabukusu, watu wa kabila lake, waliouawa na Waingereza mwaka 1895. Kwa ibada ile, maombolezo yaligeuka madai.

Kisha yakaja mauaji ya Malakisi. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa waumini, wakaua watu 11. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akapelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo ujumbe ulikuwa umeshavuka mipaka ya Wabukusu. Mwaka 1950, huko Kolloa, Baringo, wafuasi wa Lukas Pkiech, mhubiri wa dini hiyo miongoni mwa Wapokot, walipambana na askari. Wapokot 29 wakauawa.

Si Kenya pekee ambako dini iligongana na dola; Japani nayo ilikuwa na kisa kinachokaribiana na hiki, ingawa mwisho wake ulikuwa tofauti. Tsunesaburo Makiguchi, mwanzilishi wa jumuiya ya Kibudha ya Soka Gakkai, alifariki mwaka 1944 gerezani, alikofungwa kwa kukataa ibada iliyoamriwa na dola. Miaka 20 baadaye, Novemba 1964, jumuiya yake iliunda chama cha Komeito, ambacho mwaka 1999 kiliingia katika serikali ya mseto.

Mwaka huohuo wa 1964, Kenya huru iliiruhusu Dini ya Msambwa. Ruhusa hiyo ilidumu miaka minne tu: mwaka 1968 ilipigwa marufuku tena, safari hii na Waafrika wenyewe. Masinde alikamatwa mara kadhaa kabla ya kufariki mwaka 1987. Suala la ardhi ya Trans Nzoia, eneo la Kitale, bado huzungumzwa kwenye mikutano ya kampeni, na wanaolizungumza leo ni wanasiasa wa vyama vilivyosajiliwa.