Suruali ya Baba na mwaka 1969

Nilipokuwa na miaka 15, hapa Reading, nilijifungia chumbani na sindano nikaibana sketi yangu ya shule. Mama alikuwa ameninunulia kubwa ili nivae miaka 3, si mnawajua mama zetu. Asubuhi Baba akaniona mlangoni. "Binti yangu, sisi kwetu hatuvai hivyo." Nikarudi kubadilisha. Hilo neno "kwetu" lilinikaa moyoni, maana huko kwetu mimi nilikuwa nimefika mara 2 tu.

Mwaka jana, tukiandaa kipindi kuhusu mavazi, nilisoma habari za Operesheni Vijana. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, mkorogo, kaptura fupi na nguo za kubana, za kike na za kiume. Marufuku ianze tarehe 1 Januari 1969. Azimio la Arusha lilikuwa limetoka mwaka 1967, na viongozi walitaka vijana wajenge taifa, siyo kuiga Ulaya. Sababu iliyotolewa ilikuwa ileile ya Baba: huu si utamaduni wetu.

Hata kabla ya tarehe hiyo, Kariakoo, kwenye kituo cha mabasi, makundi ya vijana wa kiume yaliwashambulia wanawake waliovaa nguo fupi au za kubana. Polisi ikabidi waingilie. Magazetini watu wakabishana kwa barua: huo utamaduni wetu ni upi hasa? Swali zuri, kwa sababu miaka hiyohiyo serikali ilikuwa na kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega wavae suruali. Yaani mjini suruali ni tatizo, Umasaini kukosa suruali ndiyo tatizo.

Nikapiga hesabu: 1969 Baba alikuwa na miaka 17, anakaa Ilala. Nikampigia simu. Akanyamaza kidogo, halafu akacheka. "Mimi za kwangu nilikuwa nazibana mwenyewe."

Suruali ilikuwa ya kurithi kwa kaka yake, pana kama gunia. Usiku aliigeuza ndani nje, akaivaa hivyohivyo, akabana pini kando ya mshono kuanzia gotini hadi chini, akachora mstari wa chaki. Akaivua, akapiga bandi, akaivaa tena na kuchuchumaa kuona kama itapasuka. Ndipo akashona kwa mkono, mishono midogomidogo. Kitambaa kilichozidi hakukikata, alikiacha ndani.

"Kwa nini hukukata, Baba?"

"Ili wakisema nifumue, nifumue."

Na kweli alifumua. Desemba 1968 bibi alimsimamia mpaka uzi wote ukatoka, kisha akaipiga suruali pasi ya mkaa. Alama za mshono wa zamani hazikufutika. Mwaka mzima alitembea Ilala na suruali pana yenye mistari miwili inayoonyesha jinsi alivyotaka kuivaa. Baadaye, miaka ya 70, ikaja bugaluu, inabana mapajani na kumwagika miguuni, na wazee wakaanza kulalamika upya.

Tukacheka sana. Halafu nikamuuliza nililokuwa nimelibeba muda wote: sasa mbona mimi ulinirudisha chumbani?

Safari hii alinyamaza muda mrefu zaidi. "Niliogopa, mama. Shangazi yako alikuwepo Kariakoo siku mojawapo ya zile vurugu." Hakuendelea, nami sikumsukuma. Shangazi huyo namkumbuka vizuri: nguo zake zote zilikuwa pana, hata za kulalia. Nilidhani ni mambo ya uzee.

Kwa hiyo lile "kwetu" halikuwa la tangu enzi za mababu. Lilikuwa na tarehe, na lilikuwa na kituo cha basi. Azimio liliwagusa wavulana na wasichana, lakini Baba alifumua suruali mezani nyumbani, akapona. Dada yake alikutana nalo barabarani.

Siku hizi nabana nguo zangu mwenyewe, nyingi za mitumba, kwa njia ya Baba: ndani nje, pini, chaki, bandi, chuchumaa kwanza. Kitambaa cha ndani nakiacha. Na nyie, mzazi akisema "kwetu hatuvai hivyo," msigombane naye haraka. Muulizeni taratibu: mwaka gani, na mtaa gani?