Noleo, Ala na Kiunganishi: Historia ya Kuunga Nyuzi za Kioo na Funzo Lake kwa Istilahi

Tangu mwaka 2009, waya wa SEACOM upitao chini ya bahari ulipoanza kazi na kuzifikia Mombasa na Dar es Salaam, nyuzi za kioo zichukuazo mawasiliano kwa mwanga zimezidi kuingia katika ofisi na shule zetu. Pamoja nazo zimekuja hati: zabuni, mikataba, maelekezo ya mafundi na vitabu vya mafunzo. Mfasiri wa hati hizo hukutana mapema na kifaa kidogo kitiwacho kwenye ncha ya uzi, naye huona wepesi wa kuandika "kiungo" na kuendelea mbele. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa kuifuata historia ya kifaa hicho, kwamba neno hilo moja hubebeshwa vitu vitatu mbalimbali, na kwamba kuvichanganya kuna hasara isiyo ya lugha peke yake.

Shida iliyokizaa kifaa

Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wa Standard Telecommunication Laboratories huko Harlow, Uingereza, walieleza kuwa uzi wa kioo ungeweza kuchukua mazungumzo ya simu endapo upotevu wa mwanga ungeshuka chini ya desibeli 20 kwa kilomita, yaani baada ya kilomita moja ibaki angalau sehemu moja katika mia ya mwanga ulioingia. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning, Marekani, walikifikia kiwango hicho na kukipita. Kufika mwaka 1977 simu za watu zilikuwa zikipita katika nyuzi hizo huko Chicago na Long Beach.

Hapo suala la kuunga likawa zito. Waya wa shaba watosheka kugusana na mwenziwe. Mwanga hautosheki hivyo, wataka kulengana. Uzi wa kioo una unene wa mikromita 125, kadiri ya unywele, na ndani ya ganda lake mna kiini kipitishacho mwanga. Katika nyuzi za masafa marefu kiini hicho kina upana wa mikromita 9 hivi. Viini viwili vikipishana kwa mikromita chache tu, sehemu kubwa ya mwanga humwagika.

Njia mbili zilipatikana. Ya kwanza ni kuziyeyusha ncha mbili kwa cheche ya umeme hadi ziwe uzi mmoja. Muungo huo ni wa kudumu. Ya pili ni kifaa cha kuchomeka na kuchomoa, na historia yake ndiyo inayotuhusu hapa.

Safari ya kifaa

Mafundi wa kwanza waliazima. Aina iitwayo SMA ilichukua umbo la kiunganishi cha nyaya za masafa ya mikrowevu, chenye hesi za parafujo. Lakini ncha za kioo hazikugusana. Palibaki nafasi ya hewa, na kila uso wa kioo unaokutana na hewa hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, maabara ya Bell huko Marekani ilitoa aina ya pia mbili, ambayo ncha zake nyembamba zilikutana ndani ya tundu lenye umbo la namna hiyo hiyo. Hiyo nayo haikuwa na kizuizi cha kuifanya isizunguke, hivyo kipimo cha upotevu kiliweza kubadilika kila ilipofungwa upya.

Kampuni ya simu ya Japani, NTT, ilileta FC, ambayo uzi wake umeshikwa katikati ya mcheduara mwembamba wenye kipenyo cha milimita 2.5. Kifaa hicho hufungwa kwa parafujo, na kijino chake hukizuia kisizunguke. Katikati ya miaka ya 1980 AT&T ya Marekani ilitoa ST, ambayo hufungwa kwa mtindo wa glopu: husukumwa, kisha huzungushwa kidogo. NTT nayo ikatoa SC, ya mraba, ambayo husukumwa tu ikajifunga na kuvutwa ikafunguka; hiyo yaweza kupangwa kwa wingi mahali padogo. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Lucent ilikata kipenyo kwa nusu, hadi milimita 1.25, na kutoa LC. Aina ya MPO ilikwenda mbali zaidi: kipande kimoja cha mstatili hushika nyuzi 12 au zaidi kwa safu, na pini mbili huzilenga.

Jambo lililodumu

Msomaji ataona kwamba namna ya kufunga ilibadilika mara kwa mara, lakini FC, ST na SC zote zina mcheduara ule ule wa milimita 2.5. Kilichobadilika zaidi humo ni ncha. Mafundi waliinoa iwe na uso wa mviringo kidogo ili vioo vigusane na hewa iondoke. Hiyo ndiyo maana ya herufi PC, na UPC ni ile iliyonolewa zaidi. Baadaye wakainoa kwa mshazari wa digrii 8, ili mwanga unaorudi utoke nje ya kiini usiisumbue leza. Hiyo ni APC, ambayo kwa desturi hupakwa rangi ya kijani, na UPC buluu. Ncha ya kijani ikikutanishwa na ya buluu, nyuso hazilingani. Kwa hiyo herufi moja ikidondoka katika tafsiri ya zabuni, shehena nzima yaweza kufika isiyofaa. Tena haba na haba hujaza kibaba: kila kiunganishi kikimwaga desibeli 0.3, vikiwa kumi hupoteza 3, ambazo ni nusu ya mwanga wote.

Mapendekezo ya istilahi

Kwanza, tutenganishe. Muungo wa kuyeyusha uitwe hivyo. Kifaa cha kuchomeka kiitwe kiunganishi. Kweli neno hili walimu wa sarufi wanalo tayari, lakini muktadha hutosha kulinda maana, kama ulindavyo "mzizi" wa mti na wa neno.

Pili, kile kipande kishikacho uzi. Lugha yetu ina neno noleo, yaani pete ya chuma ivishwayo mpini wa kisu pale bapa linapoingia, mpini usipasuke. Neno la Kiingereza litumiwalo kwa kipande hiki nalo lilianza kwa pete ya ncha ya mkongojo. Ikiwa wao waliweza kulipanua, hata kwa kipande cha mstatili cha MPO, nasi twaweza.

Tatu, mafasiri waepuke plagi na soketi. Katika FC, ST, SC na LC viunganishi viwili vinavyokutana vyote vina noleo. Huingia kutoka pande mbili katika mwanzi mmoja usio na uzi wowote. Mwanzi huo twaweza kuuita ala, na kifaa kizima kinachoubeba kibaki adapta, jina ambalo mafundi wamekwisha kulizoea.

Mwisho, herufi za majina ziachwe zilivyo. S ya SC wengine huieleza kuwa ni mteja, wengine mraba. L ya LC wengine husema ni Lucent, wengine udogo. Jina ambalo wenyewe hawakubaliani maana yake halifasiriki. Kazi yetu ni kuvipa majina vile vitu ambavyo fundi huvishika mkononi, ili anayeagiza na anayefunga wawe wanasema jambo moja.