Mimba na mimba ya uongo kwa sungura

Mimba ya sungura ni kipindi cha siku 30 hadi 32 hivi ambapo sungura jike wa kufugwa (Oryctolagus cuniculus) hubeba watoto tumboni. Mimba ya uongo, ambayo pia huitwa mimba bandia, ni hali ambapo jike huonyesha dalili za mimba bila kuwa na mtoto yeyote tumboni. Hali hiyo hudumu siku 16 hadi 18 hivi. Zote mbili huendeshwa na homoni ileile, kwa hiyo mwenendo wa jike peke yake hautoshi kuzitofautisha. Msaada mkubwa zaidi ni tarehe, yaani kujua siku zilizopita tangu jike alipopandwa au alipokutana na dume mara ya mwisho.

Kosa la kuzichanganya lina gharama. Mfugaji anayedhani ni mimba ya uongo kumbe ni ya kweli huenda akakuta watoto wamezaliwa juu ya waya wa kizimba na kufa kwa baridi. Anayedhani jike ana mimba kumbe hana husubiri bure, na pengine huchelewa kugundua ugonjwa wa mfuko wa uzazi.

Sungura anayehusika

Kwa Kiswahili neno "sungura" hutumika kwa wanyama wawili tofauti. Sungura wa ngano za Afrika Mashariki ni mnyama wa porini wa jenasi Lepus. Jike wake hubeba mimba kwa takriban siku 40, na watoto wake huzaliwa juu ya ardhi wakiwa na manyoya na macho wazi. Sungura wa kufugwa asili yake ni Ulaya ya kusini-magharibi. Huyu huzaa watoto wasio na manyoya, wenye macho yaliyofumba, ndani ya kiota. Wanyama hao wawili hawazaliani. Makala hii inahusu sungura wa kufugwa tu.

Jinsi mimba inavyotungwa

Sungura jike hana vipindi vya joto vinavyorudi kwa ratiba kama ng'ombe au mbuzi. Mayai hukaa tayari ndani ya ovari, nayo hutoka baada ya kichocheo cha kupandwa, kwa kawaida saa 10 hadi 13 baadaye. Ndiyo sababu kukutana na dume kwa dakika chache tu kunatosha kuleta mimba.

Mahali yai lilipotoka hutokea tishu maalumu inayotengeneza homoni ya projesteroni. Homoni hiyo huandaa mfuko wa uzazi, huzuia mayai mengine yasitoke na huanza kuandaa matiti. Kama kuna viinitete, tishu hiyo huendelea kufanya kazi hadi siku za kuzaa.

Majike ya aina ndogo huweza kushika mimba wakiwa na miezi 4 hivi, na ya aina kubwa miezi 5 hadi 8. Idadi ya watoto hutegemea aina: sungura wadogo sana huzaa 2 hadi 4, wengine mara nyingi 5 hadi 10.

Mimba ya uongo inavyotokea

Mimba ya uongo huanza pale mayai yanapotoka bila kurutubishwa. Sababu za kawaida ni hizi:

- Jike kupandwa na dume asiye na uwezo wa kuzalisha, kwa mfano aliyehasiwa.
- Jike kupandwa na jike mwenzake, au yeye kumpanda mwenzake. Jambo hili hutokea mara nyingi majike yanapokaa pamoja.
- Dume aliyedhoofishwa na joto. Hali ya hewa inapozidi nyuzi 30 za Selsiasi kwa muda mrefu, mbegu za dume hupungua nguvu, jambo linalofahamika kwa wafugaji wa maeneo ya pwani.
- Msisimko mwingine, kama vile kukaa karibu na dume bila kupandwa.

Projesteroni hutengenezwa kama kawaida, lakini kwa kuwa hakuna viinitete, tishu inayoitengeneza husinyaa baada ya siku 16 hivi. Kushuka huko kwa projesteroni ndiko kunakomsukuma jike kujenga kiota, kama inavyotokea kabla ya kuzaa kweli. Si ujanja wala si ugonjwa. Mwili wake umepokea ishara ya kweli kwa wakati usio wake.

Kutambua

Dalili za pamoja

Katika hali zote mbili jike huweza kuwa mkali, kunguruma, kuchimba pembeni mwa kizimba, kubeba nyasi mdomoni, kunyonyoa manyoya ya kidari na tumbo ili kutandika kiota, na matiti yake kuvimba. Jike mwenye mimba ya uongo anaweza hata kutoa maziwa. Tumbo kubwa si ushahidi wa kutegemewa, kwa kuwa sungura mnene au aliyeshiba huonekana vilevile, na wapo wenye mimba ambao hawaonyeshi mabadiliko hadi siku ya kuzaa.

Vilevile, kumrudisha jike kwa dume ili kuona kama atamkataa si kipimo kizuri. Baadhi ya majike yenye mimba humkubali dume, na wengine wasio na mimba humkataa.

Kwa tarehe

Jike anayenyonyoa manyoya siku ya 16 hadi 18 baada ya kupandwa kwa kawaida ana mimba ya uongo. Anayefanya hivyo kuanzia siku ya 27 kwa kawaida anakaribia kuzaa. Kwa mfano, jike aliyepandwa tarehe 3 Machi:

- 13 hadi 17 Machi: wakati wa kupapasa tumbo.
- 19 hadi 21 Machi: wakati dalili za mimba ya uongo hujitokeza.
- 30 Machi: siku ya kuweka sanduku la kuzalia.
- 2 hadi 4 Aprili: wakati wa kuzaa.
- 6 Aprili: siku ya 34. Ikiwa jike alithibitishwa kuwa na mimba na hajazaa, aonwe na daktari wa mifugo.

Kama tarehe haijulikani, kwa mfano kwa jike aliyenunuliwa sokoni au aliyekaa kizimba kimoja na ndugu zake, huhesabiwa kuanzia siku alipotengwa na madume, na sanduku huandaliwa mara anapoanza kunyonyoa manyoya.

Kwa kupapasa

Kati ya siku ya 10 na ya 14 mtu mwenye uzoefu huweza kuvigusa vijusi. Jike huwekwa juu ya kitu kisichoteleza, mkono mmoja ukimtuliza mabegani. Mkono mwingine hupitishwa chini ya tumbo mbele ya miguu ya nyuma, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, kisha husogezwa polepole. Vijusi huhisika kama gololi laini zinazoponyoka kati ya vidole. Vinyesi ni vidogo na vigumu zaidi, na hukaa juu karibu na uti wa mgongo. Kuminya kwa nguvu huweza kuua vijusi, hivyo anayeanza ajifunze kwanza kwa mtaalamu.

Kwa vipimo

Daktari wa mifugo anaweza kutumia altrasaundi ambayo huonyesha vijusi mapema, au picha ya eksirei katika siku za mwisho, mifupa ya watoto inapokuwa imekomaa.

Kumtunza jike mwenye mimba

Jike hutengwa na dume kabla ya kuzaa, kwa sababu anaweza kushika mimba nyingine saa chache tu baada ya kuzaa. Hupewa nyasi za kutosha muda wote, majani mabichi aliyoyazoea na maji safi yasiyokatika. Chakula cha tembe huongezwa taratibu katika theluthi ya mwisho ya mimba, bila kumnenepesha. Majani ya parachichi, ya nyanya na ya viazi mviringo hayafai, na chakula chenye kuvu hutupwa.

Sanduku la kuzalia la sungura wa wastani huwa na urefu wa sentimita 45, upana wa 30 na kimo cha 30 hivi. Kizingiti cha mbele huachwa juu kiasi cha kuzuia watoto wasitoke. Chini hutobolewa matundu ya kupitisha mkojo, hutandikwa maranda, kisha nyasi kavu laini. Likiwekwa mapema mno jike huligeuza choo. Likichelewa, watoto huzaliwa sakafuni.

Kuzaa na siku za kwanza

Sungura huzaa mara nyingi usiku au alfajiri, na kazi hiyo huisha ndani ya nusu saa. Watoto huwa na uzito wa gramu 30 hadi 70 kila mmoja. Jike akiwa ametoka kiotani, mfugaji huwahesabu, huondoa waliokufa na mabaki ya kondo, kisha huwafunika tena kwa manyoya. Imani kwamba mama huwakataa watoto walioguswa na binadamu haina msingi kwa jike aliyemzoea mfugaji wake.

Jambo linalowatia wengi hofu ni kwamba mama hakai na watoto. Hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika 3 hadi 5, kisha huondoka. Maziwa yake ni mazito, yakiwa na protini na mafuta takriban mara tatu ya maziwa ya ng'ombe. Watoto walioshiba huwa na matumbo ya duara na hulala kimya. Wenye njaa huwa na ngozi iliyokunjamana na huhangaika.

Mama hawabebi watoto kwa mdomo kuwarudisha kiotani kama paka. Mtoto aliyeanguka nje hupata baridi haraka na hurudishwa na mfugaji baada ya kupashwa joto mikononi. Macho hufunguka siku ya 10 hivi, na watoto huanza kutoka kiotani wakiwa na wiki 2 hadi 3.

Kumtunza jike mwenye mimba ya uongo

Kwa kawaida hali hii huisha yenyewe. Jike huachwa atulie, bila kubebwabebwa. Kiota hakibomolewi mara moja, kwani akikosa kiota huweza kunyonyoa manyoya zaidi hadi ngozi kubaki wazi; huondolewa anapoacha kukishughulikia. Matiti hayakamuliwi, kwa kuwa kukamua huchochea maziwa zaidi, lakini hukaguliwa kila siku. Dawa za homoni za binadamu hazitumiki.

Katika siku hizo jike hashiki mimba kirahisi. Mfugaji anayetaka watoto hungoja hadi siku ya 18 ipite, kisha humpandisha upya. Aliyepandwa siku ya 17 bila kushika mimba hana sababu ya kuchinjwa kwa madai ya utasa.

Hali za hatari

Daktari wa mifugo huhitajika haraka iwapo:

- Jike mjamzito ameacha kula, hasa wiki ya mwisho. Sumu ya mimba huweza kumuua upesi, na majike manene yamo hatarini zaidi.
- Jike anasukuma kwa nguvu bila mtoto kutoka, au anavuja damu nyingi.
- Titi ni gumu, la moto, jekundu au la buluu.
- Damu inatoka ukeni au kwenye mkojo. Sungura hapati hedhi. Mkojo mwekundu huweza kusababishwa na rangi ya majani aliyokula, lakini kwa jike wa zaidi ya miaka 3 huenda ukawa dalili ya saratani ya mfuko wa uzazi.

Sungura hapewi ampisilini, amoksilini wala penisilini kwa mdomo. Dawa hizo huua bakteria wenye manufaa tumboni mwake na huweza kusababisha kifo, hata kama zinauzwa dukani kwa mifugo mingine.

Kuzuia

Watoto hutenganishwa kwa jinsia kabla ya miezi 3 na kukaguliwa tena baadaye, kwa kuwa makosa ya kutambua jinsia ni ya kawaida. Dume aliyehasiwa huendelea kutengwa wiki 4 hadi 6, maana mbegu zilizobaki huweza bado kuzalisha. Jike asiyekusudiwa kuzaa anaweza kuondolewa ovari na mfuko wa uzazi kwa upasuaji. Upasuaji huo hukomesha mimba za aina zote mbili na kuzuia saratani ya mfuko wa uzazi.

Katika historia ya sayansi

Mwaka 1890 Walter Heape wa Uingereza alihamisha mayai yaliyorutubishwa kutoka jike wa aina ya Angora hadi kwa jike wa aina nyingine, ambaye alizaa watoto wake pamoja na wawili wa Angora. Mwaka 1929 George W. Corner na Willard M. Allen walitumia sungura kuonyesha kazi ya homoni iliyokuja kuitwa projesteroni.

Mwaka 1931 Maurice Friedman wa Marekani alieleza kipimo cha mimba ya binadamu kilichotegemea sungura. Mkojo wa mwanamke ulidungwa kwenye mshipa wa jike aliyetengwa na madume. Kwa kuwa mayai ya sungura hayatoki bila kichocheo, mabadiliko ya ovari siku mbili baadaye yalionyesha kwamba mwanamke alikuwa na mimba. Watu wengi walidhani sungura alikufa pale tu jibu lilipokuwa ndiyo. Kwa kweli aliuawa kwa jibu lolote, ili ovari zake zichunguzwe.