Kichwa kumwuma mwogeleaji: Kiini chake na namna ya kukabiliana na hali hiyo

KUOGELEA ni miongoni mwa mazoezi yanayosifiwa sana na madaktari, kwani huimarisha moyo, mapafu na misuli bila kuyaumiza magoti wala nyonga. Hata hivyo, wapo watu ambao kila wamalizapo mazoezi hutoka majini wakiwa wameshika kichwa. Baadhi yao huuacha mchezo huo. Wengine humeza vidonge vya kutuliza maumivu na kurejea kidimbwini pasi na kujiuliza kinachowasumbua ni nini.

Maumivu hayo yana vyanzo vingi, na kila chanzo kina dawa yake.

Chanzo kilicho rahisi kutambua ni miwani ya kuogelea. Mkanda wake ukikazwa kupita kiasi, miwani hubana neva zinazopita juu ya macho na kwenye paji la uso. Maumivu ya aina hii huanza kabla ya saa moja kupita tangu miwani ivaliwe, na hutoweka muda usiozidi saa moja baada ya kuivua. Dawa yake ni kulegeza mkanda au kutafuta miwani inayolingana na uso. Kofia ya mpira inayobana nayo huleta matatizo yayo hayo.

Chanzo cha pili ni namna ya kupumua. Waogeleaji wengi, hasa wanaoanza kujifunza, huizuia pumzi kichwa kikiwa majini. Hewa ya kaboni dayoksaidi hurundikana mwilini, mishipa ya damu ubongoni hutanuka, na kichwa huanza kugonga. Inafaa mwogeleaji atoe pumzi polepole majini kupitia puani na mdomoni, kisha ageuze uso na kuvuta hewa mpya. Mashindano ya kukaa chini ya maji kwa muda mrefu yanafaa kuepukwa kabisa, kwani mtu aweza kuzirai humo na kufa maji.

Shingo nayo huchangia. Anayeogelea akiwa ameinua kichwa ili atazame mbele huichosha misuli ya shingo, na maumivu hupanda hadi kisogoni. Mkufunzi mzuri humwelekeza mwanafunzi wake atazame sakafu ya kidimbwi na kugeuza mwili pamoja na kichwa anapovuta hewa.

Aidha, wengi hudhani kwamba aliye majini hatoki jasho. Hiyo si kweli. Mwogeleaji pia hupoteza maji mwilini, ila jasho lake halionekani. Anywe maji kabla ya mazoezi, katikati na baadaye. Anayeingia kidimbwini alfajiri bila kutia chochote tumboni huenda akapungukiwa na sukari mwilini. Ndizi moja au kipande cha mkate chatosha kumwepusha na taabu hiyo.

Kuhusu dawa ya klorini, harufu kali si ithibati kwamba maji ni safi. Klorini ikikutana na jasho na mkojo huzaa kemikali ziitwazo kloramini, ambazo huwasha macho, pua na koo. Kidimbwi kilicho ndani ya jengo lisilopitisha hewa vizuri hudhuru zaidi. Ndiyo sababu kila mtu hutakiwa kuoga kabla ya kuingia majini.

Yapo pia maumivu yanayosababishwa na bidii yenyewe. Kichwa hugonga wakati wa mazoezi makali au baada yake, na hali hiyo hudumu kwa muda usiofika saa 48. Hutokea hasa wakati wa joto au katika nyanda za juu. Kwa hivyo, aliyezoea kuogelea Mombasa akifika Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, au Iten, karibu mita 2,400, anafaa kuanza polepole na kuongeza kasi siku baada ya siku. Anayepatwa na maumivu hayo kwa mara ya kwanza sharti apimwe na daktari kabla ya kuambiwa kwamba hayana madhara.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Maumivu makali yanayozuka ghafla na kufikia kilele chake kwa muda wa dakika moja hivi huenda yakawa dalili ya damu kuvuja ubongoni. Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja, sawa na anayetapika, anayeona vitu viwili viwili, anayelegea upande mmoja wa mwili au aliyekazana shingo. Kichwa kikiandamana na homa, mgonjwa apimwe malaria.

Vidonge visigeuzwe kuwa mazoea. Kumeza dawa za kutuliza maumivu kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, kwenyewe huzaa maumivu ya kichwa.

Muhimu zaidi, kichwa kikianza kuuma, mwogeleaji atoke majini papo hapo, avue miwani, anywe maji na kupumzika. Mtoto anayelalamika asishurutishwe kumaliza mizunguko yake kwa kudhaniwa kwamba ni mvivu. Uwanjani mkimbiaji aliyezidiwa huketi chini; mwogeleaji aliyezidiwa huzama.